Siku Saba za Pikapu ya Taratibu

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya karakana ya Pancha, fundi wa matairi. Asubuhi ile tulikuwa watatu: Pancha mwenyewe, Mwalimu aliyestaafu, na mimi ninayebeba abiria kwa pikipiki. Nafasi ya Taratibu, mwenzetu wa nne, ilikuwa wazi. Jana yake pikapu yake, iliyomlisha yeye na wanawe wanne, ilisimamishwa njiani ikiwa na makabati ya mteja. Kodi ya barabara ilikuwa imekwisha miezi mitano nyuma. Pikapu ikavutwa. Tulikuwa tukinywa kahawa Pancha alipoanza.

— Wamemwonea, bwana. Miezi mitano tu!

— Kila mwezi na faini yake, nikasema. Sasa faini imeizidi kodi yenyewe.

— Faini haipandi yenyewe, akasema Mwalimu. Kuna mtu kakaa mahali na kompyuta, kazi yake kubonyeza.

— Kubonyeza wapi! Pancha akamkata. Ni hizi stika za kodi za kwenye kioo. Zina sumaku ndani. Siku ikipita, inaita. Askari yuko kona ya tatu, anaisikia.

— Inaita?

— Mimi nashinda na magari, Mwalimu.

— Basi gari la kuvutwa huchaguliwa kabla halijatoka kiwandani, akasema Mwalimu. Lishaandikwa!

Siku nyingine tungecheka.

— Umemwona Taratibu? Mwalimu akaniuliza.

— Nilipita jana jioni. Amelala kifudifudi, hasemi na mtu. Makabati yalishushwa kando ya barabara, yakanyeshewa. Mteja anataka mapya.

— Angevumilia kidogo, Pancha akasema. Msamaha wa kodi na faini ungetoka.

— Lini?

— Utatoka tu, bwana. Si kila mwaka unazungumzwa?

Hapo akatokea mke wa Taratibu, fundi cherehani, bahasha mkononi, viatu vimejaa tope. Tukasogea akae. Hakukaa.

— Pole, shemeji, tukasema.

— Asanteni. Natoka ofisini kwao. Wametupa siku saba, zikipita inapigwa mnada. Nikawauliza habari za msamaha. Wanasema haupo, na hawajawahi kuusikia.

— Wale wa dirishani hawaambiwi mambo makubwa, shemeji, Pancha akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu.

— Mume wangu alitoka nyumbani na hela ya kodi mfukoni, siku mbili kabla ya mwisho. Akapita hapa kwanza. Akarudi nayo. Akaniambia, "Kijiweni wote tunasubiri msamaha, mimi nani nijitie kimbelembele?" Baadaye mtoto akalazwa, hela ikaishia hospitali.

Akatuacha benchini, akaenda yalikoegeshwa magari. Akainama kwenye kioo cha gari la Mwalimu, akasoma stika. Akasogea kwenye kigari cha Pancha, akasoma. Kwenye pikipiki yangu alifuata tarehe kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akarudi, akasimama mbele yetu.

— Shemeji zangu, nyinyi zenu mlilipa lini?

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu.

Pancha akawa anayatazama mafuta machafu viganjani mwake. Mimi nililipa siku ileile. Nilipokuwa naelekea ofisini nilimpita Taratibu akirudi nyumbani na hela yake, nikampigia honi, naye akanipungia mkono.