Wiki Tatu Nilizokataa Kungoja

"Mama Antony, utangoja wiki ngapi kabla ya kupanda?" Wagaki aliniuliza hivyo akiwa ng'ambo ya tuta, mwaka ule nilipolimia mabua ya mpunga ndani ya tope kwa mara ya kwanza badala ya kuyachoma, nami nikajifanya sijasikia, kwa sababu yeye alikuwa mgeni kutoka upande wa Mwea na mimi nimezaliwa hapa Masinga.

Sikilizeni, wanangu. Antony, kaa chini, najua umepanga kuchoma shamba kesho.

Siku ya nne nikapanda. Miche ikawa manjano, tope likanuka kama mayai viza. Mabua yalikuwa bado yanaoza, na yanapooza hula chakula cha mche. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilisema Wagaki ameniroga. Nilisema kanisani, nikasema kwenye foleni ya maji, na mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, kikamtoa. Misimu sita sasa anapanda ekari nzima peke yake, nami nikimwona. Nilirudi kwenye moto, nikauita usafi wa shamba.

Usinikatize, Antony, eti "Mwaitu, mama yetu, mambo ya Wagaki ni ya zamani, achana nayo." Ya zamani kwa nani? Yeye bado anapanda peke yake.

Unasema pia moto ni bure, unamaliza kazi jioni moja. Kiangazi cha mwaka niliporudi kwenye moto, ng'ombe wetu wawili walikufa kwa njaa, na chakula chao tulikuwa tumekichoma kwa mikono yetu Februari. Hiyo ndiyo bure yako. Unasema muda hautoshi. Wagaki humwaga mbegu kitaluni siku ile ile anapolimia mabua. Miche ikifikisha wiki tatu, mabua yameshaoza, na hajapoteza hata siku moja. Nilimchungulia misimu yote hiyo mpaka nikaelewa, na bado sikumsalimu.

Sasa mali. Nyumba na ng'ombe ni vyako, Antony. Rodgers, chukua shamba la juu, la mahindi. La mpunga nampa Munyiva, na asije mtu kuniambia binti ataolewa: aliolewa, akaachika, akarudi, na tangu arudi ni yeye anayeinama topeni wakati nyinyi mko Kyumbi mnauza matunda barabarani. Mkienda kwa chifu kumpinga, mwende mkijua nilikuwa na akili zangu.

Munyiva, mabua ya kutosha ng'ombe yaweke juu ya uchanja, yasinyeshewe. Yanayobaki yakate vipande vifupi, uyatawanye, ulimie ndani, ungoje. Usiwe na kiburi cha mama yako. Halafu uite mwethya, kianzie kwa Wagaki kabla ya kwetu, na uwaambie nilidanganya. Tumia neno hilo hilo. Usiseme nilikosea.

Nishikeni mgongo. Hivyo.

Mungu awape mvua yenye kiasi na mikono isiyochoka. Msigombane juu ya kaburi langu, mtanichosha. Pumzi imekuwa fupi, Rodgers, usilie, niko sawa.

Mabua yaliyolowa hayashiki moto. Antony, mwanangu, vaa gambuti, uende sasa hivi ufungulie maji yaingie shambani.