Marehemu Antony Kipkemboi, Aliyesingiziwa Kufuta Ng'ombe wa Kipkelion Magharibi

Wachungaji, wazee, akina mama, majirani, na jamaa mliotoka Bomet na Kericho, familia inawashukuru kwa kufika, na imemtuma Cheptoo, kifungua mimba wa marehemu, asome historia hii jinsi familia ilivyoiandika, si jinsi ofisi ilivyoileta jana ikiwa imeshapigwa chapa.

Marehemu Antony Kipkemboi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Kipkelion Magharibi, mtoto wa tatu wa mzee Kimeli na mama Tapkigen. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1981, akamaliza sekondari Kericho mwaka 1992, na kwa kuwa alipenda hesabu kuliko chakula, akasomea diploma ya takwimu Nakuru, akahitimu Novemba 1996, kisha akafundisha hesabu miaka sita.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na shirika moja la mifugo Kericho mjini, akawa anaingiza hesabu ya ng'ombe wa kila eneo katika programu ya takwimu, ili chanjo igawiwe kulingana na idadi yao. Tarehe 10 Desemba 2005 alifunga ndoa kanisani na Priscah, na Mungu akawajalia Cheptoo mwaka 2008, Kipkirui mwaka 2012 na Chepchirchir mwaka 2015.

Ni lazima sasa familia ieleze jambo la ofisini, maana ndilo lililomla. Kila baada ya miaka michache ile programu hutolewa toleo jipya, na toleo jipya husoma faili la zamani bila taabu, lakini la zamani haliwezi kusoma faili la jipya, kama vile mtoto wa sekondari anavyosoma daftari la darasa la pili, na wa darasa la pili hawezi lake. Ofisi yote ilikuwa na toleo jipya, isipokuwa mkuu wao, Daktari Kiptum, aliyekuwa na kompyuta aliyotunukiwa ng'ambo akiwa mwanafunzi, na hakutaka mtu aiguse. Basi kazi ya watu wote ilibidi ishushwe hadi toleo la zamani ili mtu mmoja asome. Toleo hilo halikubali jina la safu ya eneo lolote lipite herufi nane, kwa hiyo marehemu kila Ijumaa alifupisha majina kwa mkono kabla ya kushusha faili, kwa sababu Kipkelion Magharibi na Kipkelion Mashariki zikikatwa kwenye herufi ya nane zinakuwa jina moja, na safu moja inaifuta nyingine.

Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2023 marehemu alipewa ruhusa ampeleke mama yake hospitalini. Daktari Kiptum hakutaka kungoja Jumatatu, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha marehemu, na Dorcus Owiti, Mama Eddah, wa meza ya pili alipomwambia, "Daktari, Kipkemboi huwa anabadilisha majina kwanza," akacheka, akajibu, "Mama Eddah, kwani hii ni kurusha ndege?" Akabonyeza, na ng'ombe wote wa Kipkelion Magharibi wakafutika. Faili hilo ndilo aliloidhinisha, ndilo lililogawa chanjo.

Mnakumbuka wenyewe Mei ile. Ugonjwa wa midomo na miguu uliingia, maziwa yakakauka, ndama wakafa, na gari la chanjo likatupita likienda Mashariki. Marehemu alizika ndama wake watatu. Mkutano ulipoitwa, Daktari Kiptum alisimama mbele ya watu akasema kwamba kosa ni la aliyetunza faili, na Dorcus aliponyoosha mkono aseme alichoona, akaambiwa, "Keti, mama, hii si mambo ya wanawake." Tarehe 2 Juni 2023 marehemu alifutwa kazi. Cheptoo aliacha shule akiwa kidato cha pili.

Pale tunapopeleka maziwa marehemu aliitwa "Bwana Mashariki". Akifika na mtungi wake mtu anapaza sauti, "Wee, ng'ombe zetu umemuuzia nani?" Mwingine anadakia, "Mwacheni, hata zake alisahau kuandika!" na watu wanacheka. Yeye alipima maziwa yake akarudi nyumbani. Mtu aliyelelewa nanyi, aliyewafundisha watoto wenu kujumlisha, mlimwamini mgeni mwenye tai mkamtema yeye, na familia inaona kinyaa kulisema, lakini kinyaa zaidi ni kunyamaza.

Alianza kuugua shinikizo la damu Januari 2024, figo zikafuata, akalazwa mara nne, na tarehe 9 Septemba mwaka huu wa 2025 akatuacha alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Priscah.

Karatasi ya ofisi inasema "alistaafu kwa hiari". Haitasomwa hapa. Daktari Kiptum, umeketi mstari wa mbele na shada lako la maua, nawe umesikia. Lichukue unapoondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, inamshukuru Dorcus aliyeacha zamu yake aje, na majirani walioleta kuni na maji. Wale waliomcheka nao wamekuja, chakula kipo, kuleni mshibe. Ila mliacha kumsalimu kwa miaka miwili. Basi atakayeshika udongo leo amsalimu kwanza "Chamgei, Kipkemboi", kwa sauti, na asiyeweza auache udongo chini, watoto wake watamzika wenyewe.

Baba, pumzika kwa amani, hukufuta ng'ombe wa mtu.