Mwarandu na Msitu Mwekundu

Baba mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofika hapa Frere Town, mimi ni Margaret, dadake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yalivyo, atakayeudhika aniwie radhi.

Kaka yetu Ezra Mwarandu alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Aprili 1951, kifungua mimba wa mama yetu Nyevu, akasoma shule ya msingi papa hapa na sekondari Changamwe, kisha mwaka 1978 akaajiriwa ofisi ya ramani, akapelekwa Nairobi kufundishwa kusoma picha zinazopigwa na setilaiti. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Nafula, huyu mnayemwona amejiinamia, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1986 kampuni moja ilianza kuchimba madini ukingoni mwa msitu wa kwao mama, na Mwarandu akawa anatafuta picha zake kila mwaka, apime umeliwa kiasi gani. Katika picha hizo msitu ulio hai huonekana mwekundu, na palipochimbwa huonekana peupe, jambo ambalo yeye alilizoea mno hata hakulieleza pembeni mwa picha. Tarehe 9 Machi 1989, yeye akiwa hoi kitandani kwa malaria, picha yake ilitundikwa barazani, watu wa kampuni wakaonyesha ule wekundu, wakasema pamebaki udongo mtupu, hakuna msitu wa kulinda, na sisi tunaojua udongo wetu ukichimbwa huwa na rangi gani, tukaitikia, mama akatoka analia. Kibali cha kuuchimba kikapita.

Jamani, alihangaika, ofisi hii imtume ile, ile imwambie arudi kesho, hata miti ikaisha. Mama naye alielezwa mara nyingi, akasema mti mwekundu hajapata kuuona. Mwaka 1996 Mwarandu alikuja na picha ya mwisho, nyeupe tupu, na mama, ambaye miguu haikumfikisha kwao tena, akaipokea kwa furaha.

"Afadhali, mwanangu, ule wekundu umetoka."

Kaka akamjibu ndiyo, umetoka, na mama akafa Januari iliyofuata akiamini msitu wao umepona.

Kaka naye figo zilimwanza Juni 1997, akafariki Jumanne tarehe 17 Machi 1998. Twawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mishomoroni waliokesha nasi, na wenzake wa ofisini, ingawa walichelewa.

Pumzika kwa amani, kaka, na mama akikuuliza habari za msitu, safari hii mwambie kweli.