Leonard Thirkettle na Njia ya Malishoni

Marehemu Leonard Arthur Thirkettle alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 katika kijiji hiki cha Aldersham, Suffolk, mtoto wa mwisho wa Walter na Dora Thirkettle. Baba yake alikuwa akichora mabango ya baa, na rangi ya kwanza Leonard kuishika ilikuwa nyekundu iliyobaki koponi. Alipaka mlango wa banda la kuku. Mama alimchapa, baba alisema kingo zimenyooka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha chuo cha sanaa mjini Ipswich, akahitimu mwaka 1958. Wenzake wengi walikwenda London. Yeye alirudi, akafundisha uchoraji katika shule ya sekondari hadi alipostaafu mwaka 1996. Muda wake mwingine wote alikuwa nje na kigoda chake, akichora mto, mawingu, na zaidi ya yote malisho yaliyo kati ya kijiji na kanisa. Aliyachora kila Mei, ua wa miiba ulipochanua. Picha hizo ziko katika nyumba nyingi za hapa. Baadhi zimetundikwa chooni, naye hakuwahi kulalamika.

Mke alimpata hapo hapo malishoni. Asubuhi moja Enid Cutting alikuwa akikatiza kwenda kazini posta, akakuta kigoda kimeziba njia.

"Kaka, umekaa njiani."

"Nisubiri kidogo, dada. Wingu linaondoka."

"Wingu halina bosi. Mimi ninaye."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Septemba 1963, wakajaliwa binti mmoja, Judith.

Mwaka 1994 malisho yalipata mmiliki mpya. Aliweka waya, akasema hapajawahi kuwa na njia ya watu. Enid, ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua, ikambidi azunguke kwa barabara ya malori ili afike kanisani. Mkaguzi wa serikali alipokuja kusikiliza shauri ukumbini, wanakijiji walibeba picha za Leonard kutoka kuta zao ziwe ushahidi.

"Bwana Thirkettle, hii ngazi ya kuvukia ua iko kulia kwa mwaloni?" mkaguzi aliuliza, akinyooshea kidole picha moja.

"Hapana. Iko kushoto. Niliihamisha pichani."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inauharibu mti."

Ukumbi mzima uliguna. "Leonard, si ungefunga mdomo tu!" Enid alimwambia kutoka safu ya nyuma.

"Nidanganye, mke wangu? Hata ng'ombe niliwapunguza."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Kuna chochote ulichokiacha mahali pake?"

Leonard alizitazama picha zake. "Njia," alisema. "Huo mstari wa nyasi zilizolala. Kila mara nilianza nao. Mke wangu alikuwa akiupita kila asubuhi. Ningeukosea, ningesikia nyumbani."

Mkaguzi alizipanga picha mwaka kwa mwaka. Ngazi ilitangatanga, ng'ombe waliongezeka na kupungua, lakini mstari ulikuwa pale pale katika kila moja. Waya uliondolewa majira ya kuchipua yaliyofuata.

Kuanzia mwaka 2014 macho yake yalififia. Hakuacha kwenda kukaa kwenye kigoda. Enid alimweleza mawingu yalivyo, naye akambishia, na wote wawili walirudi kunywa chai wakiwa wameridhika. Mwaka jana mapafu nayo yalichoka. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2019, mkono wake ukiwa katika mkono wa Enid, na dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Leo asubuhi jeneza lake limepitishwa malishoni, likavushwa ua upande wa kushoto wa mwaloni, pale ngazi ilipokuwa siku zote.

Ameacha mke, Enid. Binti, Judith, na mumewe Graham. Na wajukuu wawili, Tamsin na Piers.

Alale kwa utulivu, karibu na njia yake. Jumapili Enid ataipita.