Dada Watatu wa Ponsiano

Baba Padre, viongozi wa mtaa wetu wa Picha ya Ndege, majirani, na ndugu zetu wa Msimbu mliofika na swaumu zenu tangu asubuhi, poleni sana, na mtuwie radhi kwa wale waliokuwa wakiwasogezea chai.

Mwalimu Stellamaris Dominiki Mkwinda alizaliwa Mahenge tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Mzee Dominiki, na hapo hapo kwenye kuzaliwa ndipo mdogo wake Ponsiano, aliyekabidhiwa kuiandika na kuisoma historia hii, alipokwama, akakaa na karatasi siku mbili nzima, si kwa sababu ya machozi, bali kwa sababu ya mashahidi.

Marehemu alisoma shule ya msingi Mahenge mwaka 1965 hadi 1971, sekondari Morogoro hadi 1975, akamaliza chuo cha ualimu 1977, na Januari 1978 akapangiwa Msimbu, Kisarawe, ambako alitangulia yeye na sanduku lake la bati, godoro likamfuata baada ya wiki tatu. Huko kina mama walimsimulia hadithi za zamani, za sungura, za fisi, za zimwi, akaziandika zote kwenye madaftari, kisha akazisimulia darasani, lakini si kama alivyosimuliwa. Sungura wake alikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwana wa mfalme alikuwa na ualbino, akavaa kofia pana, akaoa, watu wakala pilau. Na lile zimwi linalowalaghai watoto kwa kuiga sauti ya mama yao lilikwama kwa binti asiyesikia, ambaye sauti hazikumhusu, yeye aliangalia miguu chini ya mlango, akaona manyoya, akasukuma komeo.

Mzee Mwishehe wa Msimbu, ambaye hadithi hiyo ilitoka kwa bibi yake, alikwenda shuleni kulalamika kwamba zimwi la ukoo wao limefanywa mjinga, na marehemu akamjibu, “Mzee wangu, zimwi ni lile lile, mimi nimeongeza watoto tu.” Mzee aliondoka hajaridhika hata kidogo, ila Ijumaa iliyofuata alionekana dirishani, anasikiliza.

Mwalimu alifunga ndoa na marehemu Bwana Severini Lyoba tarehe 9 Julai 1983, wakajaliwa watoto wawili, Juliana na Kaspari, na mwaka 1998 akahamishiwa Kibaha, wakajenga hapa hapa, akaendelea kufundisha na kusimulia hadi alipostaafu Agosti 2017. Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akawa mtu wa kwenda hospitali na kurudi, na alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Machi 2025 akatutoka.

Jumatatu turubai likajaa, na Ponsiano akapewa dada watatu asiowajua. Faudhia, aliyesoma kwa marehemu huko Msimbu, na ambaye sikio lake la kushoto halisikii, aliitaka kamati ya mazishi iandike wazi kwamba Mwalimu naye alizaliwa na sikio la namna hiyo hiyo, alimwambia kwa kinywa chake. Rama, kijana wa mtaa huu mwenye ualbino, akasema isisahaulike kwamba Mwalimu alikuwa na pacha mwenye ualbino, akauliza pacha huyo amekaa wapi ili akampe pole. Maneno, mwanafunzi wake wa zamani, fundi cherehani anayetembelea gongo, akaapa kwamba Mwalimu alitembelea gongo mpaka darasa la tano. Kamati yote ikamgeukia Ponsiano, na mwenyekiti akamwuliza, kwa upole tu, kama ana uhakika huyu marehemu ni dada yake.

Anavyomjua yeye, dada yake alitembea akiwa na miezi kumi, alisikia kopo la sukari likifunguliwa nyumba ya pili, na pacha hakuwa naye, alikuwa na Ponsiano basi. Lakini angeyasomaje hayo mbele ya Rama? Na ya Rama angeyasomaje mbele ya jeneza? Kulikuwa na donge jingine pia, ambalo hakumwambia mtu, kwamba dada alikuwa ameazima mguu wa huyu na sikio la yule, akajiongezea na pacha, na yeye, mdogo wake wa damu, hakutiwa popote.

Jana alasiri alimvuta Maneno nyuma ya turubai, akamwuliza kama kweli aliamini habari ya lile gongo.

“Mjomba, mimi nilijua tangu darasa la tatu,” Maneno akasema. “Mtu wa gongo kwenye matope anatazama chini. Mwalimu alikuwa anatembea anatazama juu.”

“Sasa kwa nini unataka niandike?”

“Kwa sababu ni yeye peke yake aliyewahi kutaka kuwa kama mimi.”

Kisha Maneno akamtazama sana, akamwuliza kama yeye ndiye kunguru. Ponsiano hakuelewa. Basi akaelezwa kwamba katika kila hadithi ya Mwalimu kulikuwa na kunguru mwenye kigugumizi, ndiye aliyeleta habari za hatari, na darasa zima lilikatazwa kummalizia neno, hata zimwi liwe limefika mlangoni, watoto arobaini na tano wananyamaza, wanamsubiri, na aliyemmalizia alitolewa nje. Kigugumizi hicho Ponsiano anacho tangu ana miaka minne, kama mnavyomsikia, na kule Mahenge nyumba nzima ilimmalizia maneno yake, isipokuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo familia inasoma hivi: marehemu alizaliwa mzima wa miguu na masikio, bila pacha, na yale aliyowaambia Faudhia, Rama na Maneno aliwaambia kweli, hatuyafuti, nayo yamo humu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, walimu wenzake wa Msimbu na Kibaha, na Mungu awarudishie.

Limebaki jina la marehemu tu, kulitaja mara ya mwisho, jina ambalo herufi yake ya kwanza humchelewesha Ponsiano kuliko zote, na mnaombwa mumsubiri, asimaliziwe na mtu. Dada Stellamaris, pumzika kwa amani.