Mdomo wa Mama

Dada yetu mpendwa, ambaye majirani walimwita Mdomo wa Mama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika banda la wakimbizi, muda mfupi baada ya wazazi kuvuka mpaka. Alikuwa kifungua mimba. Kwao hakuwahi kukuona.

Alianza shule mwaka 1986 na kuishika lugha ya wenyeji upesi kuliko sote. Tangu hapo Mama hakwenda dukani wala kliniki bila yeye. Mwenye nyumba akija kufoka mlangoni, dada alimgeukia Mama kwa lugha yetu: "Anakusalimu." Mama naye alimkaribisha chai yule baba, hasira zikamwisha.

Mwaka 1988 Baba aliugua. Daktari alisema hatapona. Mtoto yule wa miaka tisa akamwambia Mama, "Anasema atapata nafuu." Baba alifariki wiki hiyohiyo.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1996. Alitamani uuguzi, lakini chuo hakikupokea asiye na uraia, basi akapiga deki wodi hadi mwaka 2003, hospitali ilipomwajiri kuwa mkalimani.

Mwaka 2005 aliolewa na fundi umeme, mtu wa maneno machache. "Angalau nyumbani nitapumzika," alitania. Walijaliwa binti na mvulana. Lugha yetu hakuwafundisha. "Waacheni wacheze," alisema. Baadaye alijuta sana. Alipofua aliimba kwa lugha ile, na wanawe wakimuuliza maana, alijibu, "Wimbo tu."

Januari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini. Siku za mwisho lugha nyingine zote zilimtoka, ikabaki ile ya utotoni. Wanawe walimgeukia Mama.

"Bibi, anasemaje?"

"Anasema haumwi, wajukuu zangu."

Mdogo wa marehemu, anayesoma wasifu huu, alisikia na kuelewa alichosema dada, lakini hakumsahihisha Mama. Nje ya wodi Mama alimwambia, "Ndivyo alivyonifanyia mimi. Nilijua. Uso wa daktari ulitosha."

Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huu, alfajiri. Ameacha mama, mume, watoto wawili na mdogo mmoja.

Wanangu, leo Bibi ameomba mtafsiriwe sawasawa. Siku ile wodini mama yenu alisema, "Nipelekeni nyumbani."

Apumzike sasa, dada yetu. Hana tena wa kumtafsiria.