Mama Futi na Safu Moja ya Papa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu, tunayemwita Mama Futi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jarida hili hupenda wasifu wa furaha. Nitajitahidi.

Kazi yake ilikuwa kuwapima papa na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu, wanaoshushwa sokoni kila alfajiri, kabla hawajakatwakatwa. Futi kamba haikumtoka mfukoni, hadi mpishi wa kantini akawa anafunika sufuria akimwona anaingia. Wachuuzi walimtega kwa kumwonyesha pezi moja tu. Alitaja aina ya papa, kisha akaongeza mbele ya wateja kwamba samaki huyo amelala, ni wa jana. Watu wanane walipata shahada za uzamivu kwa takwimu zake. Katika tasnifu zao jina lake halimo, ila wanashukuriwa "wasaidizi wa sokoni" kwa ujumla.

Miaka kumi na sita iliyopita ofisi ilifupisha fomu. Aina ishirini na saba zikabanwa kwenye safu mbili: papa, taa. Fomu hiyo niliichora mimi, na kikaoni nikajisifu kwamba inaokoa karatasi. Mama Futi alinifuata akanieleza kwamba papa wakubwa wanapungua na wadogo wanajaza pengo, kwa hiyo jumla haitaonyesha kitu. Nilimjibu kwamba mabosi wanasoma jumla. Hakubishana. Alinunua daftari lake na kuendelea kuandika kila aina peke yake.

Utafiti nao ukahamia kwingine. Wafadhili walipenda setilaiti, baadaye wakapenda chembe za urithi, nasi tukafuata upepo. Makala zetu ziliongezeka kila mwaka. Jumla ya papa ilibaki palepale, tukaripoti kwamba hali ni shwari. Katika daftari la Mama Futi, papa upanga wa mwisho ameandikwa miaka kumi na minne iliyopita: jike, mita tatu na robo, ana mimba. Mara nne aliomba daftari lile lisomwe kikaoni, na mara nne tulimwambia kwamba hizo si takwimu rasmi.

Mwezi uliopita sheria ya kumlinda papa upanga ilipitishwa, tukaandaa hafla. Mkurugenzi alimwomba Mama Futi aseme neno. Alisimama akasema, "Nilipowaambia wanakwisha, walikuwa bado wapo. Leo mnamlinda nani?" Kisha akaketi. Baadhi yetu walicheka wakidhani ni utani wake wa siku zote. Mimi niliona aibu, na bado ninayo.

Maji yakimwagika hayazoleki, na samahani yangu haina faida kwa papa yeyote. Lakini naiandika hapa, isomwe na wote. Asante, dada, kwa miaka yote uliyohesabu bila kusikilizwa. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa alfajiri na maisha mema mbele yako. Wewe unastaafu Ijumaa. Sisi wenzako tulishastaafu zamani, ila tulikuwa tunakuja kazini.